Jike Mmoja, Madume wa Mtaa Mzima

Mtu akienda kuomba mtoto wa mbwa, Bukoba mjini au kule Muleba, huanza kwa kumgeuza tumbo juu. Akiona ni dume, anaondoka naye. Akiona ni jike, anamrudisha chini taratibu na kuulizia mwingine. Kwa hiyo madume huisha mapema, na majike hubaki wakinyonya mpaka mama yao anakonda na mwenye nyumba anachoka. Wachache hupata kwao. Wengine huachwa sokoni au kando ya barabara, na hao ndio mbwa koko tunaokuja kuwalalamikia baadaye. Ukiuliza kwa nini jike hachukuliwi, utajibiwa kwamba jike ana mambo.

Nyumbani kwetu Hamugembe tunafuga jike, na hayo mambo yake tumeyaona kwa macho. Nayaeleza yote hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya hayo mambo si ya jike hata kidogo. Ni ya madume, na ni ya watu wenye madume.

Alitoka kwa mama mkwe wangu, Kamachumu, wilaya ya Muleba. Mama alikuja kututembelea mwezi wa tano akiwa na mkungu wa ndizi, kahawa ya kutafuna, na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi alikuwamo kibwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mume wangu alikuwa ameagiza dume.

"Madume wamekwisha," mama alimwambia. "Na huyu ndiye aliyetangulia kubweka nyoka alipoingia jikoni, kaka zake wamelala. Ulitaka mlinzi, au ulitaka dume?"

Mume wangu hana kawaida ya kubishana na mama yake. Usiku ule senene wa mwisho wa msimu walikuwa bado wanadondoka chini ya taa ya baraza, na kibwa akawamaliza mmoja mmoja pamoja na mabawa yao. Watoto wakampa jina hapo hapo: Senene. Alipofikisha miezi mitatu tukampeleka kuchanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti chake tukakiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto, na kazi ya ulinzi akaianza kabla hatujamfundisha.

Boma letu upande wa mbele lina ukuta wa matofali. Upande wa nyuma, kwenye migomba yetu, ukuta ulianguka kwenye tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi ile ya mchana ambayo hakuna mtu wa Hamugembe aliyeisahau. Tulitengeneza nyumba kwanza, kama walivyofanya wengi, na kule nyuma tukasimamisha mabati kwenye nguzo za mkaratusi. Mabati yanatosha kwa kuku. Yanatosha hata kwa mwizi, maana akiyagusa tu yanaamsha majirani. Lakini dume la mbwa haliruki mabati wala haliyagusi. Linachimba chini yake.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeshika, mtoto wetu wa mwisho alipokuja mbio jikoni. "Mama, Senene amejikata na bati!" Sakafu yetu ni ya sementi nyekundu, kwa hiyo damu haikuonekana mpaka mbwa alipokwenda kujilaza kwenye mkeka. Tulimshika, tukamwosha mguu mmoja baada ya mwingine, tukapekua katikati ya kucha, hakuna jeraha. Yeye alitutazama kwa subira, kisha akakaa, akainua mguu wa nyuma na kujilamba. Hapo nikaona uke wake umevimba, na tone jingine likadondoka mbele ya macho yangu.

Nikampigia daktari wa mifugo. Alifika jioni ile kwa pikipiki, akamkagua, akanawa mikono, akakaa barazani kama mtu aliyejua kwamba maelezo yatakuwa marefu kuliko kazi.

"Mama, huyu haumwi. Amekua. Jike wa mbwa huingia joto mara ya kwanza kuanzia miezi sita hivi. Wenye umbo dogo kama huyu huwahi, wale wakubwa wanaweza kuchelewa mpaka mwaka na nusu, hata miwili. Baadaye hurudia karibu kila miezi sita au saba. Msimu mmoja ni kama wiki tatu."

Kisha akatueleza jambo ambalo naomba kila mwenye jike alishike. Wiki tatu hizo si kitu kimoja. Mwanzoni, kwa siku tisa hivi kwa wastani, damu inatoka na madume wanamiminika, lakini jike mwenyewe hawataki. Akisogelewa anang'aka, anakaa chini, anaficha mkia. Baada ya hapo damu inapungua na kupauka, inafanana na maji yaliyooshewa nyama, na watu wa nyumbani wanashukuru kwamba yamekwisha. Kumbe ndipo anapokuwa tayari. Ukimgusa kiuno anasimama imara na kuupeleka mkia pembeni. Siku hizo nazo ni kama tisa, na kwa mbwa wengine huzidi. Akipandwa hapo, mimba ni ya siku 63 au karibu yake, na kama amepandwa na madume wawili, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili.

"Kwa hiyo msiangalie damu," alisema. "Angalieni kalenda. Hesabuni wiki tatu, muongeze na siku kadhaa. Huyu bado anakua, msimbebeshe mimba."

Maagizo mengine tuliyaandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Alale ndani ya chumba chenye mlango na komeo, asifungwe nje kwenye mti, kwa sababu kamba humzuia jike lakini haimzuii dume. Akitoka kujisaidia, atoke na mtu mzima, shingoni ana mkanda na kamba, na aende kona ile ile kila mara. Mkojo wake ndio unaopeleka habari mtaani, kwa hiyo kona hiyo imwagiwe maji na sabuni papo hapo. Asiachwe peke yake uani hata kwa dakika ya kuepua sufuria.

Tukamhamishia stoo, kwenye magunia ya maharage na mikungu ya ndizi inayosubiri kuiva. Binti yetu alichukua kaptula ya zamani ya mdogo wake, akakata tundu la mkia nyuma, akashona lastiki kiunoni, na ndani akaweka kitambaa cha pamba. Senene alisimama wima wakati wa kuvalishwa, akajitazama, akajaribu kutembea kinyumenyume ili aiache kaptula pale ilipo. Aliitafuna siku hiyo hiyo. Binti akashona nyingine, safari hii akaifunga kwa mikanda miwili inayopita mgongoni, na hiyo ilikaa. Ilisaidia sakafu na mkeka. Daktari alikuwa ametuonya kwamba dume mwenye nia hazuiwi na kaptula, kwa hiyo haikuchukua nafasi ya mlango.

Madume walianza kuja kabla ya mapambazuko ya siku ya pili. Wa kwanza alikuwa yule wa njano mwenye sikio lililochanika, anayelala mchana kutwa karibu na bucha. Akafuata mweusi mwenye kengele shingoni, kisha wawili wanaofanana ambao sijawahi kuwaona, labda wametoka Kashai, maana pua ya mbwa husoma upepo kutoka mbali sana. Walijipanga chini ya mparachichi kama watu walioitwa. Waliikojolea pikipiki ya mume wangu, magurudumu yote mawili, wakakojolea ndoo ya maji ya kuku, wakakojolea jiwe la mpaka. Usiku waligombana. Asubuhi watoto wakienda shule ilibidi mume wangu atangulie na fimbo ndefu, haimpigi mbwa yeyote, inafungua njia tu.

Na majirani wakaanza kuja. Wa kwanza alibisha hodi kwa adabu, akanisalimu, akauliza hali ya watoto, halafu akasema, "Mama, mbwa wako anatusumbua. Hatulali." Nilimtazama, nikatazama nyuma yake. Mweusi mwenye kengele alikuwa amekuja naye, na alikuwa anatikisa mkia kwa sababu mwenye nyumba yake yuko karibu.

"Mbwa wangu yupi?" nilimwuliza. "Wangu yuko stoo, amelala kwenye gunia."

"Lakini yeye ndiye anayewaita."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi wiki ile, kwa sauti tofauti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nyumba yenye jike mmoja aliyefungiwa ndani ilikuwa ndiyo yenye kosa, na nyumba zenye madume wanaozurura usiku kucha zilikuwa ndizo zenye malalamiko. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi kwa pikipiki, wala kwa kuku wangu wawili waliokufa kwa kukanyagwa madume walipopigana juu ya banda.

Pamoja na malalamiko ulikuja na ushauri, na huo ndio ulionitia hofu zaidi. Mmoja alisema nimpake mafuta ya taa nyuma ili harufu ipotee. Mwingine akasema pilipili. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi laini, na mbwa akijilamba anayameza. Pilipili mahali pale ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya kukataza mateso ya namna hiyo. Wa tatu, mama ninayemheshimu sana, alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba nikanunue sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu wanayochomwa wanawake, nimchome mbwa.

Hilo nilimpelekea daktari. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Homoni za sindano ile, alisema, zinaweza kumletea jike usaha ndani ya kizazi, ugonjwa unaoua haraka, na zinaongeza uwezekano wa uvimbe wa matiti. Tena kumchoma wakati joto limeshaanza ni hatari zaidi. Akaongeza sababu nyingine ya kumfungia ambayo wengi hawaijui: iko saratani ya sehemu za siri ambayo mbwa huambukizana wakati wa kupandana, seli zenyewe za uvimbe zinahama kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine. Dume anayezunguka mitaa yote anaweza kuwa nayo, na wewe usiione mpaka jike wako aanze kutoa damu isiyokoma.

Katikati ya hayo yote tulikuwa na ugeni. Binti wa shemeji yangu, ambaye anaishi nasi, alikuwa anatarajia wageni wa kujitambulisha Jumamosi ile, ujumbe wa watu wa Nshamba, na siku ilishapangwa tangu mwezi wa tisa. Haiahirishwi siku ya namna hiyo kwa sababu ya mbwa. Mama mkwe alifika Ijumaa kutoka Kamachumu. Tukapika ndizi na maharage, sato wa kukaanga, tukatandika viti, kahawa ya kutafuna ikawekwa kwenye kikapu kidogo cha wageni. Stoo ikafungwa kwa komeo na kila mtu akaambiwa.

Wageni walikuja na Noah mbili. Lango likafunguliwa lote, magari yakaingia, na nyuma ya gari la pili, kwa mwendo wa mtu aliyealikwa, akaingia yule wa njano. Hakuna aliyemwona, kila jicho liko kwa wageni. Tukasalimiana, tukawakaribisha, wazee wakakaa. Soda zilikuwa zimewekwa jikoni mapema, lakini kijana mmoja wa upande wetu, aliyefika dakika ile na hakuambiwa kitu, aliona kreti haitoshi akaenda kutafuta nyingine. Akafungua stoo.

Senene alipita katikati ya miguu yake akiwa na kaptula yake ya mikanda miwili. Akazunguka nyumba, akapita mbele ya baraza walipokaa wazee, na wa njano nyuma yake, na nyuma ya wa njano vijana watatu waliovaa vizuri, na nyuma ya vijana mtoto wetu analia. Wakaingia kwenye migomba. Tulisikia majani makavu yanavunjika, kisha mlio mmoja mkali. Haukuwa wa Senene. Nilipofika nilimkuta amekaa chini kabisa, mkia ameukalia, meno nje, na wa njano amesimama hatua mbili mbele yake, pua inamtoka damu kidogo. Alimkaribia, akang'atwa. Daktari alikuwa amesema kweli, wiki ile jike mwenyewe hakutaka.

Vijana walikuwa wameshaokota mawe. Nyuma yangu nikasikia sauti: "Waitu, wekeni hayo mawe chini." Alikuwa mshenga wa wageni, mzee wa kanzu na koti, ameinua kanzu yake kwa mkono mmoja asiichafue. "Mbwa akikimbizwa anakimbia. Akipigwa mbele ya jike anamwuma mtu. Mtoto wake ni nani humu?" Mtoto wetu akajitokeza. "Mwite kwa bakuli lake la chakula." Mtoto akaenda kuleta bakuli, akaligonga kwa kijiko kama anavyofanya kila jioni, na Senene akainuka, akamfuata mpaka stoo bila kuguswa. Wa njano akaongozwa nje ya lango kwa kichwa cha sato.

Tuliporudi kukaa, mzee aliuliza swali ambalo wiki nzima hakuna aliyeliuliza. "Yule dume ni wa nani?"

Mwenyewe alikuwa amekaa kati ya wazee wetu, jirani tuliyemwalika kwa heshima. Hakuficha. "Ni wangu, mzee. Lakini dume hafungwi."

"Kwetu Nshamba," mshenga akasema, "fahali akiingia kibanja cha mtu akavunja migomba, mwenye fahali analipa. Hatumwambii mwenye migomba kwamba migomba yake ndiyo iliyomwita. Mbwa ana tofauti gani na fahali?" Akachukua punje ya kahawa kutoka kikapuni, akaitia mdomoni, na mazungumzo ya posa yakaendelea. Yaliisha vizuri.

Mama mkwe alibaki nasi. Siku chache baadaye damu ilianza kupauka, kama tulivyoambiwa. Madume walipungua mchana, nyumba ikatulia, na mama akaanza kumhurumia mbwa. "Mwanangu, imekwisha, mfungulie aote jua. Mtamtia ugonjwa huko gizani." Nilimwonyesha kalenda, nikamweleza maneno ya daktari. Alisikiliza, lakini niliona haamini, kwa sababu yeye amefuga mbwa maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwambia habari hii. Nilimwelewa. Mimba nyingi za mbwa kijijini hupatikana katika siku hizi hizi za utulivu.

Senene mwenyewe alikuwa amebadilika. Yule aliyemng'ata wa njano puani sasa alilia mlangoni usiku, akakwaruza ubao mpaka ukaanza kutoa vibanzi, na nikimpapasa mgongoni alisimama na kuupinda mkia pembeni. Nikamwita mama aje aone. Aliangalia kwa muda mrefu, akasema tu, "Kumbe."

Usiku ulioleta balaa ulikuwa wa senene. Mvua ilinyesha mpaka jioni, ikakata, na baada ya saa mbili wakaanza kushuka kama hawakuwahi kushuka mwaka ule. Vijana walikuwa wamesimamisha mtego wao kwenye kiwanja cha jirani, mabati yaliyoinamishwa kuingia kwenye mapipa, juu yake taa kali zinazoonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi na binti tulikuwa barazani tunanyonyoa mabawa na miguu, beseni katikati yetu. Chini ya taa zile niliwaona madume wote wamerudi, wengi kuliko wiki ya kwanza.

Wawili wakashikana karibu kabisa na mapipa. Kijana mmoja wa mtego akaogopa watayaangusha, akaingia kati kwa fimbo, na mmojawapo akamgeukia akamwuma nyuma ya goti. Mbwa yule hakuwa Senene, na hakuwa wa nyumba yetu. Kijana alitaka kufunga kitambaa aendelee na senene wake. Mwenzake akapendekeza majivu. Nikamvuta mpaka kwenye bomba letu, nikafungua maji yatiririke, nikachukua sabuni ya mche, nikaanza kuosha jeraha huku binti ameshika simu anatazama saa. Dakika kumi na tano kamili, ndivyo inavyotakiwa. Maji na sabuni ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya kichaa cha mbwa, na karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huo duniani vinatokana na kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Majivu, mafuta na vitambaa vya kubana havina kazi hapo. Baada ya kuosha ni hospitali, chanjo, usiku huo huo.

Nilikuwa bado naosha niliposikia mabati ya nyuma yanatoa mlio mfupi, halafu ubao wa stoo unalia. Huku kijana anatetemeka, kule dume anachimba chini ya bati, na ndani Senene anatafuna mlango kutoka upande wake. Mume wangu alikuwa ametoka kutafuta gari la kumpeleka majeruhi. Sikuweza kuliacha jeraha. Nikamwona mama mkwe anatoka chumbani na kigoda chake. Akakiweka mbele ya mlango wa stoo, akakaa, akauegemeza mgongo wake kwenye ubao, fimbo akailaza magotini. Dume alipotokeza kichwa chini ya bati, mama hakuinuka wala hakupiga kelele. Aligonga fimbo kwenye sementi, mara moja, na kusema "Rudi kwenu," kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto wa jirani. Mbwa akasita. Mume wangu akarudi, akaziba shimo kwa tofali za ukuta wa zamani. Mama alikaa pale mpaka alfajiri na hakukubali kupokelewa zamu.

Aliyemwuma kijana alitambulika asubuhi. Ana kwao, na hakuwa na chanjo. Daktari akaagiza afungwe na aangaliwe siku kumi. Alizimaliza akiwa mzima, na kijana naye alimaliza sindano zake. Lakini siku hizo kumi familia ile ya kijana haikulala, na ya mwenye mbwa haikulala, na ndipo mwenyekiti wa mtaa alipoita watu.

Nilikwenda na kalenda yangu. Nikasema jike wangu hakutoka nje ya lango hata mara moja, na bado mtu ameumwa, kuku wamekufa, na mtaa haukulala. Kama kumfungia jike kungetosha, yasingetokea. Mwenye yule wa njano alisimama, na nilijiandaa kubishana naye. Akarudia maneno ya mshenga kuhusu fahali, neno kwa neno, na akasema yeye ataanza. Tukakubaliana kwa wazi: nyumba ambayo jike wake ameingia joto imwarifu mwenyekiti siku ya kwanza ya damu, na kuanzia siku hiyo, kwa wiki tatu na ziada yake, kila mwenye dume amfunge dume wake usiku na mchana, amlishe na kumnywesha hapo alipo. Dume asiyechanjwa apelekwe akachanjwe.

Msimu wa Senene uliisha bila mimba. Tulimwogesha, tukachoma kaptula, tukaosha stoo. Mwezi wa kwanza akaanza kubeba ndala za watoto na kuzipanga kwenye kona, chuchu zikavimba, zikatoa hata maziwa kidogo. Daktari alikuwa ametutayarisha: majike wengi, miezi miwili hivi baada ya joto, mwili hujidanganya kwamba una mimba, na kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe. Hatukumkamua, maana kukamua huongeza maziwa, na ndala tuliziondoa moja moja. Alipotulia kabisa, miezi mitatu na zaidi baada ya joto, mishipa ya kizazi ikiwa imerudi katika hali yake, tukampeleka kuondolewa kizazi. Alirudi na mshono mfupi tumboni, akalala siku ile, siku iliyofuata akabweka muuza samaki.

Mwenye yule wa njano alimleta wake akahasiwe asubuhi ile ile ya upasuaji wa Senene, kwa gharama yake mwenyewe. Mlango wa stoo una alama za meno na bado tunautumia. Tangu hapo majike wawili wa nyumba nyingine wameingia joto, mwenyekiti akapita kutangaza, na madume wakafungwa. Watu walilala, watoto walikwenda shule bila fimbo kuwatangulia, na hakuna aliyeumwa. Jike hawezi kuzuia mwili wake usikue. Dume anaweza kufungwa kamba, na mkono wa kuifunga ni wa mwenye dume.